Jeep haipo Kirando, lakini ukoo wake umejaa barabarani

Barabara ya kushuka Kirando kutoka uwanda wa juu wa Ufipa huchuja madereva, na magari huyachuja zaidi. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati maji ya Ziwa Tanganyika hayafiki mita 800. Kimo hicho cha karibu kilomita nzima ndicho anachokishuka anayetoka Chala na Namanyere kwenda ziwani, na ndicho linachokipanda gari linalorudi limejaa magunia ya dagaa na matenga ya migebuka. Mvua zikikolea, gari lisilosukuma kwa magurudumu yote manne huvutwa, au husukumwa, au hulala papo hapo mpaka njia ikauke.

Ndiyo maana magari yanayoishi Kirando ni ya koo chache. Kuna Land Cruiser ngumu, zile tunazoziita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Kuna Land Rover 109 na 110, nyingine zimebadilishwa injini, giaboksi na bodi kiasi kwamba kilichobaki cha asili ni chesisi na kadi ya gari. Kuna Isuzu na Fuso za mizigo, na kiangazi zinajitokeza Noah. Jeep hakuna. Gari la Kimarekani lililowafundisha mkonga na Land Rover kazi wanayoifanya kila siku kwenye mteremko ule halina hata fundi mmoja wa kulisemea. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu ndani yake mna somo kuhusu maana ya kumiliki gari katika mkoa kama wetu wa Rukwa, ambako umbali wa kutoka gari lilipoharibikia hadi spea ilipo unaweza kuwa siku kadhaa.

Wamarekani waliwahi kuzitawala barabara za Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1920, serikali ya Kiingereza ilipokuwa inapasua njia za magari Tanganyika, Kenya na Uganda, gari la abiria au la mzigo lililoonekana mara nyingi lilikuwa Ford au Chevrolet. Kulikuwa na sababu ya kisheria. Mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin mwaka 1885 na kurekebishwa Saint-Germain mwaka 1919, iliwazuia Waingereza kuzipendelea bidhaa za kwao katika ushuru wa eneo hili, kwa hiyo gari la Detroit liliingia bandarini kwa masharti yale yale ya gari la Coventry. Halafu kulikuwa na umbo la gari lenyewe. Kodi ya magari kule Uingereza ilihesabiwa kwa upana wa silinda, na watengenezaji wakazoea injini ndogo katika magari ya chini yanayofaa lami. Mkulima wa Marekani alikuwa na matope kama ya kwetu. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa Oktoba 1908, ilikuwa imeinuka, nyepesi, ya chuma kigumu, na bei yake ilishuka kutoka dola 850 hadi chini ya dola 300 katika miaka ya 1920. Usukani nao ulikuwa umefikiriwa: kampuni ya Ford ya Canada, iliyoanzishwa mwaka 1904, ndiyo iliyopewa masoko ya himaya ya Kiingereza nje ya Uingereza yenyewe, nayo ilitengeneza magari ya usukani wa kulia.

Model T ilikuwa na tabia moja ambayo kila dereva wa Ufipa angeielewa. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti na hapakuwa na pampu. Petroli ilitiririka yenyewe hadi kwenye kabureta. Kwenye mlima mkali, tangi likiwa limepungua, injini ya mbele ilikuwa juu kuliko petroli, ikakosa mafuta na kuzima. Dawa ya madereva ilikuwa kuligeuza gari na kupanda mlima kinyumenyume, na gia ya nyuma ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Kila ninapoutazama mteremko wa Kirando namwona dereva wa zama zile, shingo imegeuka, anakwea kisogo mbele.

Jeep ilizaliwa na haraka ya vita. Katikati ya mwaka 1940 jeshi la Marekani liliwaandikia watengenezaji 135 likitaka gari dogo la magurudumu manne yanayosukuma, jepesi, la kupeleka askari na ujumbe mahali pasipo njia. Sampuli ilitakiwa ndani ya siku 49. Wengi hawakujibu. Aliyefika kwa wakati alikuwa American Bantam, kampuni ndogo ya Butler, Pennsylvania, iliyokuwa karibu kufilisika. Mchoro wake ulisimamiwa na mhandisi Karl Probst, na gari lilikabidhiwa Septemba 23, 1940. Jeshi likaona Bantam haina kiwanda cha kutosha, likawaonyesha Willys-Overland wa Toledo, Ohio, na Ford kazi ya mwenzao. Willys walikuja na injini bora, ya silinda nne na nguvu za farasi 60. Ford walichangia uso wa bati lililokatwa mianya ya wima, ambao mpaka leo ndio alama ya Jeep. Mpaka vita vinakwisha mwaka 1945, Willys na Ford walikuwa wametoa Jeep zipatazo 640,000. Bantam, mwenye wazo, aliunda zisizofika 3,000 na akaishia kutengeneza matela. Sijawahi kuona haki katika hesabu hiyo.

Vita hivyo vilibadilisha maisha ya vijana wengi wa Tanganyika. Kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki kilifundisha maelfu yao udereva na umekanika, na walifika Ethiopia, Madagascar na Burma wakiwa nyuma ya usukani au chini ya boneti. Malori mengi waliyoendesha yalikuwa Ford na Chevrolet za kijeshi zilizoundwa Canada na Afrika Kusini. Waliporudi nyumbani, heshima ya neno dereva ilipanda. Mzee aliyejua kufungua kabureta na kusafisha plagi alikuwa mtu wa kuitwa kutoka kijiji kingine.

Hapa ndipo ukoo ulipoanza kugawanyika.

Kule Uingereza, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa anatumia Jeep kuukuu ya jeshi kwenye shamba lake kisiwani Anglesey. Aliona ikichoka hakuna cha kuiziba nafasi yake. Sampuli ya kwanza ya gari alilolibuni ilijengwa juu ya chesisi ya Jeep. Chuma kilikuwa kwa mgao baada ya vita, alumini ya viwanda vya ndege ilikuwa tele, basi bodi ikawa ya alumini. Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam Aprili 30, 1948. Bodi ile isiyoshika kutu ni moja ya sababu Land Rover za miaka ya 1960 bado zinaonekana Rukwa, hewa ya ziwani ikiwa imeshamaliza bati la magari yaliyokuja baadaye sana.

Kule Japani, Toyota waliunda mwaka 1951 gari lililofuata mfano wa Jeep, na wala hawakulificha: waliliita Toyota Jeep BJ. Mwezi Julai mwaka huo lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mbele ya macho ya polisi wa Japani waliokuwa wanatafuta gari la doria. Willys walikuwa na hati ya jina Jeep, hivyo mwaka 1954 Toyota wakaligeuza jina kuwa Land Cruiser. Mkonga wa Kirando ni mjukuu wa gari lile.

Sasa swali ambalo limenisumbua: mwenye asili alipotelea wapi? Willys hawakulala. Mwaka 1945 walitoa CJ-2A, Jeep ya raia, na walilenga mkulima hasa. Ilikuwa na mahali pa kufungia jembe, na mhimili wa kuchukua nguvu ya injini kuendeshea msumeno au mashine ya kusaga. Uwanda wa Ufipa, unaolima mahindi, maharage na ulezi, ungeweza kuwa nyumbani kwake. Lakini Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa dola. Kununua gari la Marekani kulihitaji dola. Kununua Land Rover kulihitaji pauni. Bwana shamba, mkuu wa wilaya, mganga na mmisionari wakapewa Land Rover. Baada ya uhuru, spea zikawa za Land Rover, mafundi wakawa wa Land Rover, na dereva wa serikali aliyefundishwa Land Rover alistaafu akimfundisha kijana wake Land Rover.

Miaka ya 1970 na 1980 iliziba mwanya uliobaki. Bei ya mafuta ilipanda, fedha za kigeni zikakauka, magari yakaingizwa kwa vibali kupitia State Motor Corporation. Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka marufuku ya kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana. Katika nchi iliyokuwa inahesabu lita, injini kubwa ya petroli ya Kimarekani haikuwa na wa kuitetea. Wajapani wakaja na dizeli na misaada. Mradi ukifika na Land Cruiser tano, ulifika pia na makasha ya filta, bushi na klachi, na mradi ulipokwisha, magari yalipigwa mnada yakaingia mikononi mwa watu. Hivyo ndivyo mkonga ulivyoshuka kutoka ofisini hadi kwa mfanyabiashara wa dagaa.

Nyumbani kwake, Jeep ilikuwa inahamahama. Kaiser aliinunua Willys mwaka 1953. American Motors ikaichukua mwaka 1970. Chrysler wakainunua American Motors mwaka 1987, na walichokitaka zaidi kilikuwa Jeep. Daimler wa Ujerumani wakaungana na Chrysler mwaka 1998, wakaachana mwaka 2007, mfuko wa uwekezaji wa Cerberus ukaishika, Fiat ya Italia ikaingia mwaka 2009, na tangu mwaka 2021 Jeep ni mali ya Stellantis. Mtu anaweza kunijibu kwamba Land Rover nayo imeuzwa kama mbuzi wa mnadani, na atakuwa na hoja: British Aerospace mwaka 1988, BMW mwaka 1994, Ford mwaka 2000, Tata wa India mwaka 2008. Ndiyo kusema kwa miaka minane mwenye Land Rover alikuwa Mmarekani, tena yule yule Ford aliyeunda Jeep za vita. Tofauti iko chini ya gari. Land Rover ya umbo la zamani iliendelea kuundwa Solihull hadi Januari 2016 na mabadiliko yalikuwa ya polepole, kwa hiyo spea ya gari moja mara nyingi ilifaa gari la miaka mingi baadaye. Mabosi walibadilika huko juu, na mwenye gari huku hakuona kitu.

Wamarekani wengine waliingia kwa jina la mwingine. Bedford, lori ambalo wazee wengi wa bara wanalikumbuka kama la Kiingereza, lilitengenezwa na Vauxhall iliyokuwa mali ya General Motors tangu 1925. General Motors hao hao walinunua hisa za Isuzu mwaka 1971 na kukaa humo hadi 2006. Kiwanda chao cha Nairobi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1977, kiliunganisha Isuzu kwa miaka mingi mpaka Isuzu wenyewe wakanunua hisa za Mmarekani mwaka 2017. Kwa hiyo fedha za Detroit zimewahi kubeba mahindi ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi bila mwenye shamba kuliona jina la Kimarekani kwenye boneti.

Lakini tuje kwa mtu wa leo. Amevuna vizuri, au msimu wa dagaa umemkubali, na kwenye simu ameona Jeep Cherokee au Grand Cherokee ya mtumba kutoka Japani kwa bei inayomshangaza, chini ya Land Cruiser ya umri ule ule kwa mbali. Usukani uko kulia. Hilo lina maelezo: katika miaka ya 1990 Honda walikuwa wakiziuza Cherokee Japani kwenye maduka yao, na Chrysler waliunda za usukani wa kulia kwa soko hilo na kwa watumishi wa posta wa vijijini Marekani, wanaotia barua kwenye masanduku ya kando ya njia bila kushuka. Gari si baya. Injini ya lita 4.0, silinda sita kwa mstari, ni moja ya injini za petroli zinazosifiwa zaidi kwa uvumilivu, na mimi naungana na sifa hiyo. Magurudumu yake hushika njia mbaya kwa uhodari.

Bei ile ndogo, hata hivyo, ni ya Japani. Ikifika Dar es Salaam inakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi sisi 2,000, VAT ya asilimia 18, na nyongeza ya uchakavu kwa gari lililofikisha miaka minane. Ukishalipa hayo, ndipo maisha na gari yanapoanza.

Anza na spana. Sanduku la fundi wa Kirando limejaa namba za Toyota: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa. Injini ya lita 4.0 ina nati nyingi za vipimo vya inchi. Fundi kijana atalazimisha ya milimita iliyokaribiana, na nati itazunguka kichwa. Anayeweza kukusaidia ni mzee wa Land Rover za zamani, kwa sababu naye alianza na spana za inchi na nyingi bado anazo. Halafu upozaji. Udhaifu unaojulikana wa Cherokee za injini hii ni joto: rejeta ikianza kuziba au pampu ya maji ikichoka, mshale hupanda, na silinda hedi za miaka ya 2000 na 2001, zile zenye namba 0331, zina sifa mbaya ya kupasuka. Sasa piga picha ya mteremko ule ule, safari hii ukiupanda: gia ya chini, mwendo wa mtu anayetembea, upepo wa kupoza rejeta hakuna, nyuma kuna magunia. Mkonga wenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, isiyo na kompyuta, hupanda hapo ukinung'unika bila kuchemka.

Sensa ndiyo mtihani mgumu zaidi. Ile inayosoma mzunguko wa kranki ikifa, injini huzima na haiwaki tena, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Ni kifaa kidogo cha kutia mfukoni. Sumbawanga utakikosa, utapiga simu Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, utatuma picha, utalipa kwa simu, kitapakiwa kwenye basi la usiku, nacho kikifika kitahitaji usafiri mwingine wa kukishusha ziwani. Wakati huo wote gari limekaa chini ya mwembe na dagaa wamesafiri na gari la mwenzako.

Fundi wa chuma katika nchi yetu si mtu wa jana. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma wenyewe katika malungu, tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, na nyingine bado zimesimama porini na kwenye mashamba ya Ufipa. Kazi hiyo ilikufa katika enzi ya ukoloni, jembe la kiwandani na chuma chakavu vilipoifanya isilipe. Uhunzi haukufa nayo. Spring ya gari ikivunjika, fundi huichomelea au huirefusha; ikishindikana kabisa, mhunzi huichukua kwa furaha, maana chuma chake kinatoa panga, kisu na shoka la kudumu. Naamini kipaji cha kuitunza Jeep hapa kipo. Spring, bushi, bomba la moshi, bodi, hayo yote mikono ya Ufipa inayaweza. Kinachokosekana ni kile kisichoweza kufuliwa kwa nyundo: sensa, gasketi sahihi, kitabu cha waya.

Mmarekani aliyefika Rukwa na kubaki ni wa namna nyingine. Februari 2008, Rais George W. Bush na Rais Jakaya Kikwete walitia saini Dar es Salaam mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia shirika la Millennium Challenge, na sehemu ya fedha hizo ikajenga lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, takriban kilomita 224. Aliyesafiri Laela kabla ya lami ile anajua ilivyobadilisha bei ya mbolea, safari ya mgonjwa na uhai wa gari lenyewe. Spea ya kutoka Dar es Salaam sasa inafika Sumbawanga haraka kuliko zamani. Lami hiyo imemsaidia kila mwenye gari, na imemsaidia zaidi mwenye gari geni, kwa sababu ndiye anayesubiri spea kutoka mbali.

Kwa hiyo kwa anayeitamani Jeep, na nawajua wanaoitamani, nasema isemwavyo gereji. Chagua ya lita 4.0 iliyotoka kabla ya mwaka 2000, uachane na V8. Kabla hujasajili namba, badilisha rejeta, pampu ya maji, themostati na mipira yote ya maji. Nunua sensa mbili za kranki, moja ifungwe, nyingine ikae kwenye dashibodi. Nunua seti ya spana za inchi iwe yako, usimtegemee fundi. Mkiwa wawili au watatu wenye gari la aina hiyo mkoani, changeni mnunue la nne lililokufa, likae Sumbawanga la kukata spea. Na mzigo wa dagaa mpe mwenye mkonga.